Jinsi ya kucheza RPG kwa kuandikiana posti: mwongozo kamili, kuanzia grupu tupu mpaka safari inaisha

Wadau, kuna geimu nimecheza na watu wanne kwa miezi mitano na hatujawahi hata siku moja kuwa onlaini wote kwa pamoja. Mmoja yuko Muscat anapiga shifti ya usiku, mwingine yuko Minnesota, wawili wako Dar na kati ya hao wawili mmoja bando lake ni la kubahatisha. Kila mtu anafungua simu kwa muda wake, anasoma kilichotokea, anaandika mhusika wake anafanya nini, anaendelea na maisha. Hiyo ndo RPG ya posti. Naulizwa sana inachezwaje na nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo leo naandika yote, ni ndefu, chukua chai kabisa.

Kwa asiyejua kitu: RPG ya mezani ni geimu ya kusimuliana. Mtu mmoja anakuwa msimulizi, wengi tunamwita GM, huyo ndo anaeleza mahali pakoje na anaigiza kila asiye mchezaji, maadui, mama ntilie, mvua, mbwa. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake. Likitokea jambo linaloweza kwenda au kugoma, mnarusha dadu. Ile maarufu kuliko zote, Dungeons & Dragons (kwa kifupi D&D), ilitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na ilitengenezwa kwa ajili ya watu waliokaa meza moja. Ila kucheza kwa kuandikiana ni kukongwe kuliko hata hiyo, mwaka 1963 kuna watu Marekani walikuwa washaanza kucheza Diplomacy, geimu ya ubaoni ya vita na mapatano, kwa barua za posta, na 1970 Rick Loomis akaanzisha geimu yake ya posta ambayo baadaye ndo ikawa kampuni ya Flying Buffalo. Posta kabisa, bahasha na stempu. Kwa hiyo mwenzako asipojibu tangu jana mchana usipanic sana.

Ila na kusubiri nako ndo ugonjwa wenyewe. Mtu anayeanza anahangaika na sheria, anadhani akikosea sheria geimu itaharibika, wapi. Geimu za posti zinakufa kwa kusubiriana: huyu anamsubiri yule, yule anadhani si zamu yake, GM anawasubiri wote, wiki inakatika, mtu anaona aibu kurudi kimya kimya, basi, mmeachana bila hata kwaheri. Yangu ya kwanza ilikufa hivyo hivyo wiki ya tatu katikati ya ugomvi wa kwanza, mpaka leo yule fisi sijui alikufa au la. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ni dawa ya kusubiriana.

Hatua ya 1: watu

Wachezaji watatu au wanne na GM mmoja. Usichukue wanane eti wengine watapungua, watapungua kweli ila watapungua katikati ya sini muhimu na kila anayepotea anaondoka na kipande cha hadithi.

Kabla hujamuingiza mtu usimuulize kama anapenda RPG, kila mtu anapenda siku ya kwanza. Muulize hivi: "ni saa ngapi kwa kawaida unashika simu ukiwa umetulia?" Akikwambia kwenye daladala asubuhi au nikishalaza watoto, huyo chukua, ana nafasi yake kichwani. Akikwambia "nitajitahidi", mshukuru kwa upole. Huyo ataingia mitini.

Mkubaliane kasi hapo hapo. Sisi ni posti moja kwa siku, wikiendi hiari. Wengine posti mbili kwa wiki na inakwenda freshi tu, shida inakuja mmoja akiwa anataka kumi kwa siku na mwingine moja kwa wiki, hapo hata muwe ndugu wa tumbo moja mtagombana.

Hatua ya 2: mahali

Fungua grupu mbili, sio moja. Moja ya hadithi tu, humo haingii "hahaha" wala "jamani leo joto". Ya pili ya porojo, maswali ya sheria, kuaga, kulalamika. Yetu ya pili inaitwa Barazani. Ukichanganya, mtu akikosa siku mbili anakuta meseji mia tatu na za hadithi ni sita, hatazitafuta, atakuja kuuliza "tumefikia wapi?" na hapo GM anakufa kidogo moyoni.

Programu gani? Mi nasema Telegram kwa sababu moja ya kijinga: ukituma emoji ya dadu peke yake, inazunguka na kutoa namba 1 hadi 6, na namba inachaguliwa na Telegram yenyewe sio wewe. Dadu bure, kila mtu anaiona. WhatsApp emoji hiyo hiyo ni picha tu, imekaa. Discord ni nzuri kama watu wako wameizoea, unaweka bot kama Avrae, unaandika !r 2d6+1 (yaani dadu mbili za pande sita, ongeza 1) inakurushia na kujumlisha. Ila kama wenzako wote wako WhatsApp na kuwahamisha ni vita basi bakini WhatsApp, GM arushe dadu za wote kwenye random.org au dadu za kweli mezani kwake na mumuamini, kama hamumuamini tatizo lenu sio programu.

Voisi noti kwenye grupu ya hadithi ni marufuku. Najua inakuwa rahisi kwako. Ila mwenzako yuko kazini, hawezi kusikiliza, na wiki ijayo mkitafuta jina la yule karani hamtalipata kwa kusachi.

Hatua ya 3: sheria, chache kadiri mnavyoweza

Unaweza kucheza D&D kwa posti, watu wengi wanafanya, na sheria za msingi ziko bure kihalali, tangu Januari 2023 ile hati yao ya SRD 5.1 iko chini ya leseni ya Creative Commons. Ila piga hesabu kwanza. Kwa sheria zile kwenye pambano kila mtu ana zamu yake kwa foleni. Wachezaji wanne, kila mmoja anachukua siku kujibu, hizo siku nne, na GM siku moja kwa ajili ya maadui, tano. Raundi tatu ni siku kumi na tano. Nusu mwezi kwa ugomvi ambao mezani ungeisha kabla chai haijapoa!

Kwa mara ya kwanza tafuta kitu cha dadu za pande sita. Lasers & Feelings ya John Harper iko bure na yote imeenea ukurasa mmoja. Au fanya kama sisi, tumeiba utaratibu wa Apocalypse World, ya Vincent na Meguey Baker, 2010, tukaukata mpaka ukabaki huu: kila mhusika ana vitu vitatu, Nguvu, Ujanja na Ulimi. Kimoja anakipa +2, kingine +1, kingine 0. Ukifanya jambo la hatari unarusha dadu mbili unajumlisha na namba yako.

10 na kuendelea: umepata, safi.
7 mpaka 9: umepata ila kuna gharama, au umepata nusu.
6 kushuka: GM anasema kinachotokea na hutakipenda.

Hiyo ya katikati ndo utamu wote. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka, na ukiwa na 0 njia 15 zinakupeleka kwenye kushindwa, 15 kwenye nusu, na 6 tu kwenye ushindi kamili. Ukiwa na +2 inageuka, 15 ushindi kamili, 15 nusu, 6 kushindwa. Yaani hata fundi bado njia 15 kati ya 36 anapata na gharama, na gharama ndo inakupa posti inayofuata. Sheria za "umeweza / hujaweza" kwa posti zinakausha geimu, kwa sababu mtu anasubiri siku nzima anajibiwa "mlango haufunguki".

Hatua ya 4: wahusika wa mistari minne

Usiruhusu mtu alete historia ya kurasa tatu, baba yake aliuawa na mfalme, ana upanga wa siri, hatuisomi. Mistari minne: jina na kazi, namba zake tatu, anataka nini sana sasa hivi, na ana jambo gani na mhusika mwingine wa humu humu. Huo wa nne ndo wa lazima. Mfano wa kwetu, geimu yetu ni ya jahazi linalopanda kutoka Kilwa kwenda Lamu wakati wa kusi:

Bi Rehema, mfanyabiashara, ndo mwenye shehena. Ulimi +2, Ujanja +1, Nguvu 0. Anataka kufika Lamu kabla mdai wake hajajua katoroka. Kombo anajua deni lake na hajawahi kumwambia mtu, na hiyo inamkosesha usingizi.

Umeona? Siku GM akikwama, Rehema na Kombo wanaweza kuongea wenyewe siku mbili bila kumsubiri yeyote.

Hatua ya 5: posti ya GM

Hii ndo hatua ya kukaa nayo. Posti mbovu ya GM iko hivi:

"Mnafika pwani. Kuna watu wengi na maduka. Mnafanya nini?"

Majibu yatakuwa "naangalia", kesho yake "na mimi naangalia", keshokutwa kimya. Sio kosa lao, hujawapa cha kushika. Hii hapa ni posti ya kweli kutoka kwetu, nimeipunguza kidogo:

"Jua linazama na maji yamekupwa, jahazi limekaa mchangani, haliondoki mpaka saa sita usiku maji yakijaa. Karani wa forodha anakuja na askari wawili na taa ya chemli, anagonga ubavu wa jahazi kwa fimbo. 'Nahodha nani hapa? Nataka kuona ngama.' Huko ngamani, nyuma ya magunia, yule mtoto mliyemficha anakohoa. Bi Rehema, uko hatua tatu kutoka kwa karani. Kombo, uko ngamani na mtoto. Mshale, uko juu kwenye foromali, na kutoka huko unaona ngalawa inakuja bila taa. Jibuni kabla ya kesho 21:00, asiyejibu namwandikia mimi."

Angalia mambo yaliyomo. Kuna saa inayowabana, maji. Kuna mtu anayefanya kitu sasa hivi, sio mandhari. Kila mchezaji ametajwa kwa jina na ana tatizo lake, Mshale hawezi kusema namsubiri Rehema kwa sababu ngalawa ile anaiona yeye tu. Na mwisho kuna muda na kitakachotokea ukiuvuka. Maneno chini ya mia moja. GM anayeandika maneno mia tano ya jinsi machweo yalivyokuwa mekundu anachosha watu wawili, msomaji na yeye mwenyewe, na GM akichoka geimu imeisha.

Hatua ya 6: posti ya mchezaji

Posti nzuri inafanya mambo matatu: inapokea kilichotokea, inafanya jambo, na inaachia wengine kitu. Afu mwishoni inaweka "akifanya hivi, mi nafanya vile". Rehema alijibu hivi:

"Bi Rehema anasimama katikati ya karani na ngazi, kama mwenye nyumba anayepokea mgeni. 'Karibu karani. Ngama yote papa mkavu, utaingia na kanzu hiyo nyeupe?' Huku anacheka, kisigino kinagonga ubao mara mbili, ishara ambayo Kombo anaijua. Narusha Ulimi. Akikubali kukaa namtilia kahawa na kumchimba nani kamtuma. Akikataa, natangulia mimi na taa na kwenye ngazi naiangusha."

Hiyo "akikubali, akikataa" imeokoa siku tatu. Bila hiyo: anarusha, GM anajibu karani amekaa, anaandika namtilia kahawa, GM anajibu amekunywa, anaandika namuuliza. Na angalia kingine, kagonga ubao ila hajaandika Kombo kafanya nini. Mhusika wa mwenzio usimwandikie mdomo wala mikono, hata kama unajua atafanya nini, hili ndo linaloleta ugomvi kuliko yote Barazani.

Dadu zake zilikuja 4 na 3, na +2 ni 9. Nusu. Kwa hiyo karani akakaa, kahawa akanywa, jina la aliyemtuma akalitaja, ila askari mmoja hanywi kahawa, akaanza kuzunguka nyuma ya jahazi kule tezi, pale pale Kombo alipokuwa anamtoa mtoto. Siku hiyo Kombo hakusubiri saa 21:00 wala nini, kajibu ndani ya dakika nne.

Kwa vitu vidogo: maneno yanayosemwa weka kwenye alama za kunukuu, mawazo ya mhusika weka italiki (WhatsApp unazungushia _ hivi _ bila nafasi), na ukiongea kama wewe mwenyewe nenda Barazani. Mtu mmoja kwetu alikuwa anaandika "mimi" kwa maana ya mhusika na "mimi" kwa maana ya yeye, tulidhani kweli anaumwa homa tukamchangia.

Hatua ya 7: dadu ziende na posti

Usiombe ruhusa kurusha. Ukiona jambo ni la hatari rusha pale pale, dadu mbili chini ya posti yako. GM akiona halikuhitaji dadu atakupa tu. Kile cha "GM nirushe?" kinakula siku. Sheria zetu za dadu ni tatu, zimepiniwa juu ya grupu: zinahesabiwa mbili za kwanza tu baada ya posti, ukifuta umeshindwa, dadu ya kufowadi haihesabiki. Hii ya tatu tuliiweka baada ya tukio ambalo sitalisema.

Hatua ya 8: kupigana bila foleni

Futa foleni. GM anaandika maadui wanakusudia kufanya nini ("askari anainua bunduki kwa Mshale, yule wa pili anakimbilia ngalawa"), wachezaji wanajibu kwa mpangilio wowote ndani ya siku moja, afu GM anaandika posti moja inayomaliza yote. Raundi inakuwa siku mbili badala ya tano. Pambano likifika raundi ya tatu liishe, adui akimbie, asalimu amri, jahazi lipasuke, chochote.

Wa D&D mnaweza kufanya karibu hivyo: waliomzidi adui kwenye dadu ya kuanza wanatangulia kama kundi, afu maadui, afu mchezaji yeyote anapost akifika. GM atangaze wazi namba ya kinga ya adui na uhai wake, ili mchezaji aandike mwenyewe kama kapiga au kakosa. Na dadu za kujikinga GM awarushie.

Hatua ya 9: saa, na watu wanaopotea

Muda uandike kwa mfumo wa saa 24 na useme ni wa wapi. Tulishawahi kuandika "mwisho saa tatu usiku", sisi Dar tunaelewa ni 21:00, mwenzetu wa Minnesota kazaliwa huko akaelewa ile tatu ya simu yake, usiku wa manane, na ya kwao. Sasa tunaandika 21:00 Dar, Muscat inakuwa 22:00, na Minnesota ni mchana, saa 12:00 au 13:00 kutegemea msimu wao.

Muda ukipita GM anaandika. Hasubiri, hamwandami mtu inbox. Mhusika wa asiyejibu anafanya jambo dogo lisilo na madhara, anashika usukani, anajificha, na kamwe usimuue wala kumpotezea kitu chake akiwa hayupo. Mtu akiwa na mitihani au msiba anasema Barazani neno moja tu, "natoka", mhusika wake anapata homa ya bahari analala. Akirudi anarudi, hamna kuomba msamaha, tena hili lisemeni mapema kabisa kwa sababu aibu ndo inayowapoteza watu wengi kuliko ubize. Siku kumi bila neno, mhusika anashuka Mafia kwa shangazi yake. Mlango umebaki wazi na safari inaendelea.

Kila Jumapili GM aweke posti ya "tuko wapi", mistari mitano: tuko wapi, saa ngapi kwenye hadithi, hatari gani, nani ana nini, majina mapya. Ipini. WhatsApp pini inadumu mpaka siku 30 na zinakaa tatu kwa wakati, zinatosha.

Vitu vingine vya haraka

Siri: GM amtumie mhusika inbox, ila asizidishe, siri tatu zinatosha geimu nzima. Kundi likigawanyika mara mbili sio shida kama mezani, kila mtu anaandika kwake, ila msifike makundi matatu. Vitu ambavyo mtu hataki kuvikuta humu (mauaji ya watoto, ubakaji, au chochote kile) viulizwe kabla, kwa inbox, na GM aviweke nje bila kumtaja aliyesema. Katikati ya geimu mtu akiweka emoji ya X kwenye posti, mnairuka na hakuna kuulizana kwa nini.

Na upange mwisho tangu mwanzo. Ya kwanza iwe ndogo: sini tatu, wiki sita. Yetu tulipanga kufika Lamu tu, tungependa kuendelea mpaka Muscat ila tukakataa, tukafika Lamu.

Ikiisha, kabla watu hawajaanza kutoka kwenye grupu, hifadhi. Telegram ya kwenye kompyuta ina sehemu ya kutoa chati nzima, WhatsApp nayo inakutolea faili la maandishi. Mi nilisafisha yetu, nikatoa dadu na masaa, nikaacha hadithi tupu, nikawatumia wote. Yule wa Muscat kaiprinti stationari, kaibana na chuma, anasema anamsomea mwanae usiku akiwa ofu, na mtoto kila akifika kwa yule askari asiyekunywa kahawa anafunika uso na shuka.